Nilikwenda Kipro Kuuliza Tarehe

Kila mmoja wenu ameniuliza kivyake, na kila mmoja nimempa kipande. Barasa amesikia habari za milima. Wa chumbani wamesikia habari za jibini. Mtu mwingine, sijui nani, amesikia kwamba niliharibu mali ya watu nikafukuzwa kisiwani. Hilo si kweli, ingawa haliko mbali sana na ukweli. Kwa hiyo naandika yote mara moja, msome, halafu mniache nilale siku yangu ya mapumziko.

Viza na tiketi naziruka. Mliniona nikihangaika, inatosha.

Kutoka Muaither

Kwa ambao hatujakaa chumba kimoja hapa mtaani Muaither: mimi ni Murithi, wa Embu, na shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, wala karo haikuwa tatizo. Nilichoka kukaa nikitazama kisogo cha mtu yule yule kila siku. Tangu hapo nimebeba mizigo Mombasa, nimeuza simu Juba, nimeosha madirisha Dubai, na hapa Doha naendesha gari la hoteli. Kazi hii nimedumu nayo kuliko zote kwa sababu gari linatembea.

Wageni ninaowarudisha mtaa wa The Pearl baada ya chakula cha jioni huzungumza kana kwamba dereva ni sehemu ya kiti. Wengi huzungumza habari za mvinyo. Bwana mmoja alimwambia mkewe kwamba ule waliokunywa ulikuwa na ladha ya mawe, na alisema hivyo kwa kuusifu. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Mtu anakunywa maji ya matunda, anaonja mawe, na anafurahi? Nikaanza kuuliza watu. Mhudumu mmoja akaniambia kwamba kisiwa cha Kipro, jina ambalo mimi nililijua kutoka kanisani tu, kina vijiji ambako zabibu hulazwa juani kwanza kabla ya kukamuliwa. Likizo yangu ilipofika sikwenda Embu.

Habari zikamfikia Nekesa, muuguzi wa jengo la pili, yule anayetupikia chapati Ijumaa. Alikuja mlangoni na mchumba wake Barasa, anayefanya kazi za kompyuta Lusail. Barasa alikuwa amebeba sufuria.

"Kumbe unaenda Kipro," Nekesa akasema.

"Naenda."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia zabibu."

"Wewe na hiyo miguu yako." Akaketi. "Kaka yangu Wafula yuko huko, na unajua shida yangu."

Nilikuwa naijua, kama nyinyi nyote. Jamaa za Barasa wako tayari kwenda Bungoma kuzungumza mahari. Mzee Simiyu, baba yake Nekesa, anasema hapokei wageni wa namna hiyo kabla kifungua mimba wake hajaketi ndani ya nyumba. Kifungua mimba ni Wafula. Na Wafula, kila akiulizwa, anasema atakuja baada ya mavuno.

"Mimi nilizaliwa wakati wa mavuno, ndiyo maana nikaitwa Nekesa," akasema. "Lakini mavuno ya huyo jamaa hayaishi. Kila Jumapili baba anawaambia watu wa kanisa kwamba mwanawe ana shamba la zabibu. Anaringa nalo. Nenda umwangalie machoni, umuulize anakuja lini. Usiniletee sababu, Murithi. Sababu zimejaa kwenye simu yangu. Niletee tarehe."

Nikamwambia nitaileta. Sufuria ilikuwa ya kuku, na tuliimaliza.

Larnaka na Limasoli

Ndege ilishuka Larnaka karibu sana na bahari hivi kwamba niliinua miguu. Nikapanda basi hadi mji wa Limasoli, na hapo nikakuta basi la milimani limeshaondoka. Huwa ni moja kwa siku.

Mnajua mimi na kungoja. Nilitembea ufukwe mzima nikarudi, nikatembea tena, nikasoma mabango nisiyoyaelewa. Mama mmoja mwenye kibanda cha magazeti alichoka kuniona nikipita. Akaniita, akanisukumia kiti cha plastiki na kahawa ya baridi yenye povu.

"Siga, siga," akasema, na kwa mkono akaonyesha kama mtu anayebembeleza paka. Maana yake ni polepole. Kisiwani humo niliambiwa siga siga mara nyingi kuliko nilivyoitwa jina langu.

Akanipa pia kipande cha jibini lao jeupe, halumi, lililochomwa kama nyama na lisiloyeyuka. Linalia kwenye meno. Nilimuuliza kwa Kiingereza linatengenezwaje, akanieleza tangu mbuzi anakamuliwa. Kahawa ikaisha, nikasimama kutembea tena, naye akatikisa kichwa.

Shamba la Andreas

Kesho yake basi lilipanda milima kwa kona zisizohesabika. Nilitakiwa kushuka kijiji cha mwisho. Nilishuka kabla. Niliona watu wameinama katikati ya mizabibu, nikasimama kutazama vizuri, dereva akadhani nimefika, akafungua mlango. Nami mlango ukiwa wazi huwa natoka.

Mzabibu wa kule haupandi kwenye waya wala fito. Ni kisiki kifupi, hakifiki kiunoni, kimetawanya matawi yake chini kama kuku aliyefunika vifaranga. Niliinama kuangalia. Nilipoinuka, mzee mwenye kofia ya majani alikuwa mbele yangu. Akanipa mkasi na ndoo, akanielekeza mstari wa kukata, akaenda zake.

Ningeweza kueleza. Lakini mkasi ulikuwa tayari mkononi, na nilitaka kujua inakatwaje. Nikakata. Nikajifunza kushika kichala kwa chini, kukata kikonyo kifupi, kutotupa. Mgongo ulianza kulalamika mapema. Kando yangu alikuwepo mama wa Kinepali aliyekata vikapu vitatu mimi nikikata kimoja, na kila akinipita aliimba kidogo ili nijue.

Wakati wa chakula tuliketi kivulini. Mkate, zeituni, halumi na tikiti maji, vyote kwenye sahani moja. Mzee akaja kuketi karibu nami. Jina lake Andreas.

"Wakala amekutuma peke yako?" akauliza kwa Kiingereza. "Nilimwambia ninataka wawili."

"Sijatumwa na wakala. Mimi nimekuja kutembea."

Akaweka mkate chini. "Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Ulinipa mkasi."

Alicheka mpaka akakohoa, akawatafsiria wengine, nao wakacheka, yule mama wa Kinepali kuliko wote. Nilipomwambia ninamtafuta Wafula alisimama kabisa. "Vafulis! Wa kwa Kiria Eleni!" Kiria ni kama kusema Bi. Akanipakia kwenye pikapu juu ya kreti za zabibu, na njia nzima alipiga honi kwa kila aliyekutana naye, akinionyesha kidole.

Kwa Kiria Eleni

Wafula ni mrefu, mweusi kwa jua, na Kigiriki chake kina lafudhi ya Bungoma. Alinikumbatia kabla sijajitambulisha, kwa kuwa Nekesa alikuwa amemtumia picha yangu na onyo.

"Umetumwa na polisi," akasema.

"Nimetumwa na dada yako. Anataka tarehe."

"Siga, siga. Kwanza njoo uone."

Kiria Eleni, mjane mwenye shamba, alitutazama kutoka kizingitini. Ni mwanamke mdogo wa mwili, macho yameingia ukungu, lakini hakosi kitu.

Mteremko wote unaoelekea jua ulikuwa umetandazwa zabibu kwenye maturubai, nyeusi upande huu, nyeupe upande ule, zikinyauka. Hukaa hapo siku kadhaa, zinageuzwa, maji yanapungua, sukari inabaki. Zikifikia kuwa karibu zabibu kavu ndipo hukamuliwa, na mvinyo wake mtamu, mzito, wanauita kumandaria. Nilionja zabibu moja. Ilikuwa asali yenye ngozi.

Nikakumbuka kilichonileta. Nikaokota jiwe jeupe, nikalipangusa, nikaliramba.

Wafula akanitazama. "Buda, umetoka Doha kuja kulamba mawe?"

Nikamweleza habari za yule bwana wa The Pearl. Akaketi chini kwa kicheko. Jiwe, kama mnataka kujua, lilikuwa na ladha ya vumbi, na yule bwana namwachia yake.

Pembeni, peke yake, lilikuwa turubai dogo. Hapo Wafula aliacha kucheka. Miaka michache nyuma Kiria Eleni alimpa mtaro wa mawe, yaani ngazi ya shamba mteremkoni, uliokuwa umeachwa, mizabibu nusu imekufa. Aliikata, akaipalilia, akajenga upya kuta. Sasa imezaa vya kutosha kwa mara ya kwanza, na zile zilikuwa zabibu zake, si za mwenye shamba.

"Nikiwa na pipa langu moja, naenda nyumbani," akasema. "Siwezi kurudi mikono mitupu baada ya miaka yote hii."

"Basi tarehe ni lini?"

"Zikamuliwe kwanza. Halafu mvinyo uchache. Halafu utulie, uhamishwe pipa. Mvinyo ukiuacha peke yake unakufa." Akafikiri. "Pasaka. Labda baada ya Pasaka."

"Halafu palizi."

"Halafu palizi, ndiyo."

"Halafu mavuno."

Akatoa simu, akanisikilizisha sauti ya Mzee Simiyu, sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya wengine: "Mwanangu, tunakuombea wewe na zabibu zako. Siku utakayokuja, utuletee matunda ya shamba lako, kanisa lote lionje."

"Kanisa letu halitaki hata harufu ya pombe," Wafula akasema. "Anadhani nalima za kula. Sijawahi kumdanganya. Sikusahihisha tu. Sasa nimpelekee nini? Chupa?"

Hapo nikaelewa kwa nini mavuno hayaishi. Na nikaona Nekesa na Barasa wakingoja mwaka mwingine, na mwingine.

Siku za jua

Kiria Eleni alikuwa na miadi ya macho hospitali ya Limasoli, ya siku mbili mfululizo, na Wafula ndiye wa kumpeleka. Wangelala kwa binti yake.

"Wewe kaa na zabibu," Wafula akaniambia. "Fukuza nyigu na mbuzi wa jirani. Nailoni ziko bandani kama kuna mvua."

"Siga siga," Kiria Eleni akaniambia kupitia dirisha la gari, akinitazama miguu.

Mimi kukaa siwezi. Nilifukuza nyigu. Nilifukuza mbuzi ambaye hakuwa amekuja. Nilipanga kreti upya. Jua lilipofika utosini, mawe yakaanza kuchoma viatu, nikazitazama zile zabibu zikilala wazi na nikaona uchungu, kwa sababu mimi ni mtoto wa kahawa.

Embu tunaanika kahawa ya maganda kwenye vitanda vya waya. Jua likikaza unaifunika, ganda lisipasuke. Jioni unaifunika tena, umande usiingie. Mtoto asiyefunika kahawa saa sita hali chakula cha mchana. Jambo hilo limo mikononi mwangu, halipitii kichwani.

Nikaenda bandani. Nailoni hazikutosha mteremko wote, kwa hiyo nikachagua turubai dogo la Wafula. Nilifikiri namtendea wema rafiki. Nilifunika vizuri, nikakandamiza kingo kwa mawe, hata mbuzi hangeweza kuingiza pua. Jioni sikufunua kwa ajili ya umande. Kesho yake sikufunua kwa ajili ya jua. Niliona matone upande wa ndani wa nailoni, nikajiambia unyevu unatoka, ndiyo kukauka kwenyewe. Nilijipigia makofi.

Gari lao lilirudi alasiri. Wafula alishuka, akapiga hatua chache, akasimama akinusa.

"Nani anapika busaa?" akauliza, yaani ile pombe ya nafaka ya kwao.

Nilidhani ni mzaha. Alipoona nailoni alikimbia. Alipoifunua, joto likatoka kama kwenye mlango wa tanuri, na nyigu wa mlima mzima wakaja. Zabibu zilikuwa zimepasuka zikilalia maji yake yenyewe, na juu yake povu.

"Umefunika," akasema.

"Jua lilikuwa kali. Nyumbani jua likiwa kali—"

"Nyumbani ni kahawa, Murithi."

"Najua ni kahawa."

"Umezipika." Hakupaza sauti. Alipiga magoti akawa anachambua, kichala hiki, kichala kile, akitafuta kilichopona. Nilipiga magoti nami. Alinisukuma mkono, si kwa nguvu. Nikasimama pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili sikutaka kwenda popote, wala sikustahili kubaki.

Ghala

Kiria Eleni alikuja na fimbo yake, macho yote yamewekwa dawa. Aliinama, akachovya kidole, akalamba. Nilisubiri anilaani. Alisema neno moja.

"Ksidi."

Ni siki. Akamshika Wafula shati, akatuongoza sote wawili hadi ghalani. Nyuma ya mapipa ya mvinyo kulikuwa na pipa fupi jeusi, limefunikwa kitambaa. Akachota kikombe, akanipa mimi kwanza, kama adhabu. Siki ilinipanda puani nikatokwa machozi, kisha nyuma yake ukaja utamu, zabibu kabisa, umechelewa kidogo. Wafula alinitafsiria maneno yake: kila nyumba ya mvinyo ina mwaka mmoja wa mjinga, na pipa la siki ndimo mwaka huo huwekwa. Mwenyewe, alipokuwa bibi harusi, aliwahi kuacha mlango wa ghala wazi. Pipa lilianzia hapo.

"Nimelima mtaro ule kwa ajili ya siki?" Wafula akamuuliza kwa Kiswahili kwa kusahau, akarudia kwa Kigiriki.

Mjane akainua mabega. Akamuuliza swali. Nikamsukuma Wafula anitafsirie.

"Ameuliza kama baba yangu anakula siki."

"Anakula?"

"Kwenye chipsi. Akienda mjini anaimwaga mpaka wenye duka wanalalamika." Uso ulimbadilika akisema hivyo. Akaketi juu ya kreti. "Siki ni mvinyo uliopita mbele," akasema baadaye. "Nikimpa chupa ataniuliza imetengenezwa na nini. Nitamwambia. Kutoka hapo nitamwambia yote yaliyobaki, maana nitakuwa nimeshaanza."

"Atakufukuza?"

"Labda. Lakini atakuwa ameshaonja."

Tulikamua zile zilizoharibika, tukamimina humo. Kazi ilikwisha kabla chakula hakijaiva. Wafula alisimama katikati ya ghala akinawa, akatazama mapipa, akatazama mlango.

"Unajua nini?" akasema. "Pipa la siki halilindwi. Linajiendea. Huu mwaka sina kitu cha kusubiri."

Nikatia mikono mfukoni. Nilishaharibu vya kutosha kwa kusaidia.

Asubuhi Kiria Eleni alinishika mkono akanionyesha mtaro mwingine uliojaa miiba, chini ya ule wa Wafula. Akanielekezea kidole kifuani, kisha chini. Nilielewa. Niliutazama kweli, kuta zake, mahali jua linapoangukia. Nyayo zikaanza kuniwasha. Nikamwambia siga, siga, akacheka akanipiga kibao mgongoni.

Wafula alinisindikiza hadi basi. Alinikabidhi chupa mbili ndogo kutoka lile pipa la zamani, moja ya Nekesa, moja yangu. Ya baba angeibeba mwenyewe. Kisha akanitajia tarehe, akanifanya niirudie.

Kurudi Doha

Uwanja wa ndege wa Doha mashine iliona chupa zangu. Ofisa kijana aliziinua moja moja kwenye mwanga. Hazikuwa na karatasi ya jina, na kioevu chake kilikuwa cha rangi ile ile mnayoifikiria, ya mvinyo usioruhusiwa kuingizwa hapa. Nilihisi kazi yangu, chumba changu na gari langu vikining'inia kwenye kifuniko.

"Khall," nikamwambia. Siki. Neno hilo nililijua kutoka jikoni hotelini.

"Kutoka wapi?"

"Kipro."

Akamwita mwenzake, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Akafungua, akaingiza pua yote, akarudi nyuma akipepesa macho. Kisha akanusa tena, taratibu. "Khall," akamwambia kijana, na kwangu akasema, "Mama yangu alikuwa akitengeneza ya tende." Alifunga kifuniko kwa uangalifu kuliko nilivyokuwa nimekifunga mimi.

Nilipofika Muaither, Nekesa alikuwa ametoka zamu, bado na sare, miguu ndani ya beseni la maji. Barasa alikuwa akikatakata vitunguu. Sikuketi. Nikaweka chupa mezani.

"Tarehe?" akasema.

Nikaitaja. Ni kabla ya Krismasi, mnaijua wote sasa. Kisu cha Barasa kilisimama. Nekesa alinitazama kwa muda, kama anavyotazama kipimajoto ambacho hakiamini. Akafungua chupa, akamimina kidogo kwenye kijiko, akameza, akafumba macho.

"Na sababu?" akauliza bado amefumba. "Hajakupa hata sababu moja?"

"Alikuwa nazo," nikamwambia. "Nikazifunika na nailoni."